BTU, kW, tani au HP? Ulinganisho wa vipimo vya joto na vya umeme kabla hujanunua

Weka viyoyozi vitatu sambamba. Cha kwanza kimeandikwa 12,000 BTU, cha pili 3.5 kW, cha tatu 1.5 HP (nguvu za farasi). Muuzaji anakuambia vyote ni vya chumba cha ukubwa uleule, na kwa hilo hajakosea: uwezo wao wa kupoza unakaribiana mno. Sasa mnunuzi anatoa kikokotoo cha simu. Anageuza 12,000 BTU, anapata 3.5 kW, anashtuka kwamba kiyoyozi kitakula umeme kama hita kubwa ya maji. Anageuza 1.5 HP, anapata 1.1 kW, anafurahi kwamba hiki cha tatu kinakula theluthi tu ya kile cha kwanza. Hesabu zake hazina kosa hata moja. Kibovu ni alichohitimisha.

Kuna kazi mbili hapa zinazofanana kwa sura. Ya kwanza ni kuandika kiasi kilekile kwa kizio kingine, kama kugeuza maili kuwa kilomita. Haipotezi kitu na haitegemei mashine yoyote. Ya pili ni kutoa umeme kwenye joto, au kutumia umeme kuhamisha joto. Hii inategemea mashine uliyonayo, na kikokotoo hakiwezi kukupa jibu mpaka ujue ufanisi wake. Watu wengi wanaonunua jenereta kubwa kupita haja, au hita inayotoa maji ya uvuguvugu, wamefanya kazi ya kwanza wakidhani wamefanya ya pili.

Namba za kuwa nazo karibu

Wati moja ni jouli moja (kipimo cha nishati) kwa sekunde. Haijalishi jouli hiyo imepita kwenye waya, imetoka kwenye moto wa gesi au imeondolewa chumbani na kiyoyozi. Leo tunalichukulia jambo hili kirahisi, lakini hadi miaka ya 1840 joto na kazi ya mashine vilihesabiwa kama vitu viwili visivyohusiana. James Joule ndiye aliyefunga uzito kwenye kamba, akauacha ushuke huku ukizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima maji yamepanda joto kwa kiasi gani. Namba aliyoitoa mwaka 1850 haikufika asilimia moja mbali na tunayoitumia sasa. Kwa sababu ya kazi hiyo tunaweza kuweka vipimo hivi vyote kwenye jedwali moja:

| Kizio | Sawa na kW | Sawa na BTU kwa saa | Hupatikana wapi |
|---|---|---|---|
| kW 1 | 1 | 3,412 | kila mahali |
| MBH 1 | 0.293 | 1,000 | tanuru na boila za Kimarekani |
| Tani 1 ya kupoza | 3.517 | 12,000 | viyoyozi vikubwa, vyumba vya baridi |
| kcal 1,000 kwa saa | 1.163 | 3,968 | hita za maji, boila za zamani |
| HP 1 ya Kiingereza | 0.7457 | 2,544 | mota, pampu, kompresa |
| HP 1 ya kimetriki | 0.7355 | 2,510 | injini na baadhi ya mota |
| HP 1 ya boila | 9.81 | 33,475 | boila za mvuke |

Ukitaka namba moja tu ya kukariri, kariri 3,412. Kilowati moja ni BTU 3,412 kwa saa. Nyingine nyingi utazipata kutoka hapo.

BTU yenyewe ni kipimo cha nishati, si cha nguvu: ni joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, karibu jouli 1,055. Kinacholingana na kilowati ni BTU *kwa saa*. Watengenezaji wa viyoyozi na majiko huacha maneno "kwa saa" kwenye kibandiko, na kwa mazoea hakuna anayeyadai. Wewe yarudishe mwenyewe kila unapopiga hesabu.

Tani ya kupoza nayo ilitoka kwenye biashara ya barafu. Tani moja ya Kimarekani, ratili 2,000, ikiyeyuka ndani ya saa 24 hufyonza BTU 288,000. Gawa kwa 24 upate 12,000 kwa saa. Kwa hiyo mtu akikuambia kiyoyozi ni cha "tani moja na nusu", hazungumzii uzito wa mashine, wala hazungumzii umeme.

Kuhusu HP, angalia mistari mitatu ya mwisho ya jedwali. Ile ya Kiingereza ilitokana na James Watt, futi-ratili 33,000 kwa dakika, na ile ya kimetriki iko jirani yake. Ya boila ni kubwa mara 13. Aliyekubali vitu hivi viitwe jina moja hakuwahi kuagiza boila.

Kizio gani ukifanye chako?

Kwa hesabu, kW haina mpinzani. Bili ya umeme huja kwa kWh, kwa hiyo kW mara saa inakupeleka moja kwa moja kwenye uniti utakazolipia. Inatumika kwa joto, umeme na mota bila kubadili herufi hata moja.

Na hapohapo ndipo penye hatari yake. Ukiona "3.5 kW" kwenye kibandiko cha kiyoyozi, huwezi kujua kwa kuangalia tu kama ni baridi inayotoka au umeme unaoingia. BTU ina sifa moja ambayo kW haina: hakuna anayeuza umeme kwa BTU. Ukiiona, unajua papo hapo kwamba ni joto. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuleta kila kitu kwenye kW, lakini usiandike kW tupu. Weka alama: kWj kwa joto na kWu kwa umeme, au njia yoyote utakayoikumbuka kesho asubuhi. Wahandisi wa mitambo mikubwa hufanya hivyo tangu zamani, na si kwa urembo.

Kilokalori kwa saa watu wengi hukidharau kama kizio cha kizamani. Mimi nakitetea kwa kazi moja, kupasha maji, na sababu itaonekana mbele. HP kwa kiyoyozi ndiyo ningeifuta kabisa. Katika masoko mengi 1 HP imezoeleka kumaanisha takriban BTU 9,000 kwa saa, 1.5 HP takriban 12,000, na 2 HP takriban 18,000. Hiyo si hesabu, ni desturi iliyotokana na ukubwa wa mota ya kompresa. Ukitaka kuihakiki kwa jedwali hapo juu utaambulia patupu.

Viyoyozi vitatu, sasa kwa undani

Geuza kifaa utazame kibandiko cha ubavuni au cha mgongoni, kile chenye maandishi madogo ya volti na ampea. Huko kuna namba mbili unazozihitaji: uwezo wa kupoza na nguvu ya umeme inayoingia. Tuseme viyoyozi vyetu vimeandikwa hivi:

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Maandishi makubwa | 12,000 BTU | 3.5 kW | 1.5 HP |
| Uwezo wa kupoza (kWj) | 3.52 | 3.50 | 3.52 |
| Umeme unaoingia (kWu) | 1.20 | 0.95 | 1.10 |
| Kupoza ÷ umeme | 2.93 | 3.68 | 3.20 |
| Uniti kwa saa 8 za nguvu kamili | 9.6 | 7.6 | 8.8 |

Sasa maandishi makubwa yameishiwa nguvu. Kati ya A na B kuna uniti mbili kila saa 8, yaani 60 kwa siku 30 kama vinafanya kazi kwa nguvu kamili wakati wote. Kwa kawaida haviendi hivyo. Kompresa hupumzika au hupunguza mwendo chumba kikishapoa. Hata hivyo mpangilio wao haubadiliki sana: B kinatangulia, A kinaburuza mkia.

Uwiano huo wa mstari wa nne huitwa COP. Wanaoshtuka kuona 0.95 kW ya umeme ikileta 3.5 kW ya baridi wakumbuke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka ndani kulipeleka nje, na umeme unalipia ubebaji tu. Simama mbele ya kipande cha nje cha kiyoyozi B: hewa inayokupiga usoni imebeba 4.45 kW, zile 3.5 zilizotoka chumbani pamoja na 0.95 ya umeme wenyewe. Ndiyo maana ukikifungia mahali pasipopumua, ufanisi wake huporomoka.

Marekani hawatumii COP sana kwa vifaa vya nyumbani. Wanagawa BTU kwa saa kwa wati, wanapata EER. Ni uwiano uleule uliochanganya vizio viwili, kwa hiyo EER gawa kwa 3.412 ni COP. Kiyoyozi A kina EER 10. Hapa ndipo ulinganisho wa mtandaoni unapoharibika, kwa sababu kipimo cha msimu mzima kiitwacho SEER kina jina moja pande zote mbili za Atlantiki. SEER ya Kimarekani ni BTU kwa wati-saa. Ya Ulaya ni uwiano mtupu, kW kwa kW. Kifaa chenye SEER 18 ya Marekani, ukigawa kwa 3.412, kinaangukia karibu 5.3. Kile cha Ulaya kilichoandikwa 6.1 kinaonekana dhaifu, kumbe kiko mbele. Tena namna za kupima si zilezile, na tangu Januari 2023 Marekani imehamia SEER2 yenye masharti magumu zaidi, kwa hiyo mgawanyo huo ukupe mwelekeo, usikupe uamuzi wa desimali.

Halafu kuna waya. Fundi anayechagua kebo na swichi ya kukata umeme hahitaji BTU kabisa, anahitaji kWu. Kwa volti 230, 1.2 kW ni takriban ampea 5. Yule mnunuzi wa mwanzo aliyegeuza 12,000 BTU kuwa 3.5 kW na kuifikisha kwa fundi angeagizishiwa waya wa ampea 15. Kuzidisha waya si hatari, ni gharama tu. Lakini mtu huyohuyo akiichukua 3.5 kW kuchagulia jenereta au betri za sola, gharama inakuwa kubwa kweli. Jambo moja la kumtetea: kompresa ya kawaida isiyo na inveta (kidhibiti cha mwendo wa mota) huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida pale inapowaka, kwa hiyo jenereta lazima izidi kidogo. Izidi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya BTU.

Kwa hita ya waya inayowaka, mambo ni rahisi mpaka yanachosha. Umeme wote unakuwa joto. 2 kW inayoingia ni 2 kW inayotoka, BTU 6,824 kwa saa, iwe hita ya bei ndogo au ile yenye jina kubwa na taa za rangi. Tofauti kati yao ni usalama, kelele na namna hewa inavyosambazwa. Ukiona hita ya waya inadaiwa kutoa joto kuliko hita nyingine ya wati zilezile, weka pochi mfukoni.

Maji ya moto: gesi au umeme?

Hapa kilokalori inapata heshima yake. Kilokalori moja inapandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, na lita moja ya maji ni kama kilo moja. Kwa hiyo lita kwa saa mara nyuzi unazotaka kupandisha ndiyo kcal kwa saa. Huhitaji kikokotoo.

Chukua bafu la lita 6 kwa dakika, maji yapande kwa nyuzi 25. Lita 360 kwa saa mara 25 ni kcal 9,000 kwa saa. Gawa kwa 860, kwa kuwa kW moja ni kcal 860 kwa saa, unapata 10.5 kWj. Hiyo ni nguvu inayopaswa kuingia *kwenye maji*, na hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa.

Hita ya umeme ya papo kwa papo ingehitaji karibu 10.5 kWu kuitoa, kwa volti 230 takriban ampea 46. Nyumba nyingi zenye fezi moja zitalalamika. Ndiyo maana hita ndogo za kuoga zenye 5 kW hadi 6 kW hutoa maji ya kuridhisha pale tu unapopunguza mtiririko hadi lita 3 kwa dakika hivi. Si mbovu, ndivyo hesabu inavyosema.

Hita ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 85 itachoma 12.3 kWj ili 10.5 ziingie majini. Kwa BTU ni 42,000 zinazochomwa na 35,700 zinazofika. Sasa soma kibandiko kwa makini: baadhi huandika kinachochomwa, wengine huandika kinachofika kwenye maji, na wengine huandika vyote viwili kwa maandishi yanayokaribiana. Ukilinganisha hita moja kwa namba ya kuchoma na nyingine kwa namba ya kufika, unaweza kuipendelea ile yenye upotevu mkubwa zaidi. Kuna hata mtego ndani ya mtego: joto la gesi lenyewe huhesabiwa kwa njia mbili, moja ikijumlisha joto lililofichwa kwenye mvuke wa maji unaotoka na moshi, nyingine ikiliacha. Kwa gesi asilia tofauti ni kama asilimia 10. Boila zinazojinadi kuwa na ufanisi wa asilimia 105 zimetumia njia ya pili kwenye kigawanyo huku zikilivuna joto la mvuke huo. Hazijavunja sheria ya maumbile.

Hukumu yangu kwa bafu: kama unataka mtiririko mkubwa na waya wako ni wa kawaida, gesi. Kama unakubali kusubiri, tangi la umeme lenye 1.5 kW litakufikisha polepole bila kubadili nyaya. Na kama una nafasi ya kuweka hita yenye pampu ya joto (inabeba joto la hewa kulipeleka majini, kama kiyoyozi kilichogeuzwa), yenye COP ya 3, ile 1.5 kW ya umeme inakuwa 4.5 kW ndani ya maji. Hilo ndilo chaguo ambalo vibandiko vya BTU na kW hulificha zaidi, kwa kuwa mtu akiona "kW 1.5 za umeme" anadhani ni hita dhaifu.

Jikoni, kwa ufupi

Ndimi ya gesi ya BTU 10,000 kwa saa ni 2.93 kW. Jiko la indaksheni limeandikwa 2 kW. Nani atachemsha kwanza? Tuchukue kwamba asilimia 40 ya joto la gesi inafika kwenye sufuria na asilimia 85 kwa indaksheni: gesi inapeleka 1.17 kW, indaksheni 1.7 kW. Lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinataka kcal 150, ambazo ni jouli 628,000 hivi. Gesi dakika 9, indaksheni dakika 6 na ushei. Namba ndogo imeshinda, na jiko la gesi limepasha jikoni pote kama nyongeza usiyoiomba.

Chumba cha seva

Huku ubadilishaji ni safi kuliko kote. Kompyuta haiinui mzigo wala haisukumi maji; karibu umeme wote unaoingia ndani yake unaishia kuwa joto ndani ya chumba. Seva na swichi za mtandao zenye jumla ya 10 kWu zinamwaga 10 kWj, yaani BTU 34,120 kwa saa, au tani 2.84. Ongeza taa, ongeza watu wanaokaa humo (mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100), ongeza jua la ukutani, halafu ununue juu ya hapo, wala si sawasawa na hapo.

Kosa linalojirudia ni kuanza na namba ya UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. UPS huandikwa kwa kVA (volti mara ampea, gawa kwa elfu), na kVA si kW. UPS ya 12.5 kVA yenye kipeo cha nguvu (sehemu ya kVA inayokuwa kW) cha 0.8 inatoa 10 kW ikijaa. Aliyezidisha 12.5 kwa 3,412 amejinunulia BTU 8,500 asizozihitaji. Na usisahau kwamba kiyoyozi chenyewe nacho kinataka umeme: kwa COP ya 3, kuondoa zile 10 kWj kunagharimu 3.3 kWu nyingine. Mita itasoma 13.3, siyo 10. Jenereta ya dharura inayobeba seva tu na kuacha kiyoyozi itazihifadhi kompyuta zako kwa muda mfupi sana kabla joto halijazizima.

MW za joto na MW za umeme

Ukisoma habari za mitambo ya kufua umeme utakutana na namba mbili kwa mtambo mmoja. Kinu cha nyuklia cha Olkiluoto 3 huko Ufini, kilichoanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023, kina MW 4,300 za joto na karibu MW 1,600 za umeme. Si kwamba mtu amekosea. Ni kwamba asilimia 37 tu ya joto inafika kwenye nyaya, na iliyobaki inakwenda baharini.

Hiyo si ubovu wa turbini. Mwaka 1824 Sadi Carnot alionyesha kwamba mashine ya joto ina kikomo kinachoamuliwa na halijoto mbili tu, ile ya upande wa moto na ile ya upande wa baridi. Mvuke wa nyuzi 290 za Selsiasi na maji ya kupozea ya nyuzi 30 vinaweka dari kwenye asilimia 46 hivi, hata kwa mashine isiyo na msuguano. Mitambo ya gesi yenye mizunguko miwili hukaribia 60 kwa sababu gesi yake inaingia kwenye turbini ikiwa na moto mkali zaidi.

Wamarekani huandika ufanisi huu kama BTU za mafuta kwa kila kWh inayotoka. Mtambo unaokula BTU 10,000 kwa kWh una ufanisi wa 3,412 gawa kwa 10,000: asilimia 34. Kwa kipimo hiki, namba ndogo ni nzuri, kubwa ni mbaya, kinyume cha asilimia. Jenereta ya dizeli ni palepale: lita moja ya dizeli ina takriban kWh 10 za joto, na jenereta njema itakupa kama 3 hadi 3.5 za umeme. Muuzaji akikuahidi 5 kwa lita, mwombe akuonyeshe kwa mzigo.

Ukikutana na "MMBTU" katika mikataba ya gesi, ujue ni milioni moja ya BTU. M moja, kama kwenye MBH, ni elfu, kutoka namba za Kirumi. Boila ya 100 MBH ni 29.3 kW, aliyeisoma M kama mega ameagiza boila ya kiwanda kizima.

Paneli au kolekta?

Paa lina mita 2 za mraba zilizobaki, na unataka maji ya moto. Kolekta ya kupasha maji kwa jua, kwa kipimo kinachotumika katika takwimu za kimataifa, huhesabiwa 0.7 kWj kwa mita ya mraba. Mita mbili ni 1.4 kWj. Paneli ya umeme ya eneo hilohilo, yenye ufanisi wa asilimia 20, hutoa kama 0.4 kWu jua likiwa kali. Ukiipeleka 0.4 hiyo kwenye hita ya waya, maji yanapata 0.4, na kolekta imeshinda kwa zaidi ya mara tatu.

Ipeleke kwenye pampu ya joto yenye COP ya 3, maji yanapata 1.2. Pengo karibu limezibwa, na siku ambayo tangi limejaa maji ya moto kabla ya saa sita, umeme wa paneli unaweza kuwasha friji au kuchaji betri. Joto la kolekta siku hiyo halina pa kwenda. Maji ya nyuzi 60 yanafaa kuogea na kufulia, basi. Kwa nyumba ambayo tayari ina inveta na betri, ningechukua paneli na pampu ya joto. Kwa nyumba isiyo na lolote kati ya hayo, kolekta na tangi lake, mabomba mawili na kazi imekwisha.